Mpira Ulionijia Mkekani

Nitasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na Zuhura, maana Zuhura akisimulia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki: ndiyo, mimi Mwanaidi, mtu mzima wa miaka arubaini na mbili, mama wa watoto wawili, niliingia katikati ya uwanja wa besiboli London hii hii, na baibui langu na soksi bila viatu, nikagombana na refa mbele ya watu wazima na watoto wao, na mechi ikasimama kwa ajili yangu. Aibu niliipata, tena ya kunitosha mpaka uzeeni, siikatai. Lakini wapo wanaosema nilikosa toka mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndipo ninapotaka kusikilizwa, kwa sababu yapo niliyokosa na yapo ambayo hata mkiniamsha usingizini nitakwambieni sikukosa.

Nianze na mwanangu Rahma. Ana miaka kumi na nne, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakijua chote (hasa kile ninachomsengenyea kwenye simu) lakini ukimsemesha hukujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake humu nimeyageuza mimi, isipokuwa pahala pamoja nitakapokwambieni. Mwaka jana alirudi kutoka skuli na fomu ya klabu ya besiboli, wanacheza Jumapili kwenye bustani moja kubwa si mbali na kwetu Hayes, akataka nimtilie saini. Nilipoisoma ile fomu nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia mchezo huu nimeucheza. Akanitazama kama nimemwambia nimewahi kurusha ndege.

Nimeucheza, na ligi nimechezea. Skuli yetu Unguja alikuja mwalimu wa hesabu wa kujitolea, Mjapani, mtu mpole asiyejua hata kumkaripia mbuzi, akaja na gunia lake: marungu mawili, glavu kumi na moja na mipira mitatu. Akatufundisha. Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi: unaupiga mpira kwa rungu, unakimbia kuvizunguka vituo vitatu mpaka unarudi nyumbani ulipoanzia, hiyo ndiyo pointi moja, na ukiukosa mara tatu, au wapinzani wakikugusa na mpira ukiwa njiani baina ya vituo, umetoka. Ile mipira mitatu, mmoja ulipotelea kwenye mihogo, wa pili ukaingia kisimani, ukabaki mmoja, na kwa mpira huo mmoja tukacheza ligi nzima ya skuli nne. Ndiyo maana tulikuwa na sheria yetu ambayo haimo kitabuni: mpira ukitoka nje, yeyote utakayemfikia, awe mwanafunzi, awe muuza mikate na baiskeli yake, auokote amrushie mchezaji aliye karibu, mbio mbio, kabla haujapotea. Hata sheha, mkuu wa mtaa wetu, alikuwa akirusha. Likumbukeni hilo mtakapofika kunihukumu.

Sasa timu ya Rahma, Mungu awasamehe, msimu mzima haikushinda hata mechi moja. Na Rahma mwenyewe msimu mzima hakuwahi kuupiga mpira hata mara moja, maana zaidi alikuwa akikaa benchi, na akiingizwa analizungusha rungu, upepo tu. Ikabaki mechi ya mwisho. Kocha wao, mama mmoja wa Kiingereza mrefu mwenye huruma, akamwambia Jumapili hii utacheza mwanzo mpaka mwisho. Wiki ile mtoto hakula vizuri. Usiku namsikia chumbani anazungusha ufagio. Nikamuuliza unataka nini hasa, mwanangu, unataka mshinde? Akasema, "Kushinda hatushindi, Mama. Nataka kupiga mmoja tu. Mmoja, watu wauone."

Mimi Jumapili huwa kazini (nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa) na mechi zote za nyuma nilizikosa, lakini hii nikabadilishana shifti na mwenzangu, nikamwambia Rahma nakuja. Hakufurahi kama nilivyotaraji. Alinipa masharti matatu, akiyahesabu kwa vidole kama hakimu: usipige vigelegele, usiseme na mtu yeyote wa timu, na ukae nyuma kabisa kwenye miti. Nikasema sawa. Wallahi nilisema sawa na nilikuwa na nia.

Zuhura nilimwalika mimi, na hilo kosa ni langu. Anakaa Rayners Lane, ni mwenzangu wa skuli, na yeye ndiye aliyekuwa mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Alikuja na chupa ya chai, kachori, na mkeka, tukautandika nyuma kwenye miti kama tulivyoagizwa, tukavua viatu, tukakaa. Wazazi wengine wote wako mbele kwenye viti vyao vya kukunja. Baada ya dakika kumi Zuhura akasema, "Shoga, tumetoka majumbani kuja kutazama migongo ya watu?" Nikamwambia nimeahidi. Akasema, "Uliahidi kukaa, hukuahidi kutoona." Basi tukausogeza mkeka mbele kidogo tu, tukaona bado, tukausogeza tena, na hatimaye tukapata pahala pazuri mno, pako karibu na mstari mweupe, upande wa kituo cha tatu, hapana mtu hata mmoja. Nikashangaa pahala pazuri hivi mbona pako wazi. (Pako wazi kwa sababu watu wenye akili zao hawakai pale, mipira ndipo inapopita.)

Mechi yenyewe ilikuwa ya kuumiza roho. Mrushaji wetu anarusha mpira kila pahala isipokuwa unapotakiwa, wapinzani wanapewa vituo vya bure wanatembea kama wanakwenda sokoni, mtoto wetu mmoja kule nyuma anachuma majani, mwengine mpira umempita katikati ya miguu akageuka kuuangalia kwa heshima zote. Zuhura anajipiga paja. Mimi nauma mtandio. Rahma zamu yake ya kwanza akazungusha rungu mara tatu, upepo mara tatu, akarudi kukaa kichwa chini. Zamu ya pili hivyo hivyo. Nilitaka kumwambia bega la kushoto lishushe, bega tu, lakini nimeahidi, nikala kachori.

Na katika uchungu ule ndio tukaanza kukumbushana ligi yetu, maana mtu akiona mchezo mbovu hukumbuka aliocheza yeye, na ule wa kwake hauwi mbovu. Tukakumbuka tulivyokimbia na sare za skuli na mitandio imefungwa shingoni, mwalimu akitupigia makofi hata tukikosea. Nikasema zile ndizo siku. Zuhura akamimina chai, akasema pole pole, "Siku za nani? Wewe si uliuatamia mpira."

Hili sasa lazima niwaelezeni ijapokuwa linaniuma. Fainali yetu, tumefungana, mpira ukapigwa ukanijia mimi kule nyuma, nikaudaka vizuri, mkimbiaji wao anakwenda nyumbani, Zuhura kanyoosha glavu ananiita, "Idi, rusha, rusha." Nikaushika. Nyuma ya Zuhura palikuwa na kichaka na shimo la taka, nikawaza nikikosea mpira wa ligi nzima ndio umekwenda, na mpaka nimalize kuwaza yule msichana alikwishafika nyumbani na wenzake wanamnyanyua juu. Tulishindwa kwa pointi moja. Miaka ishirini na tano Zuhura hajaacha kuniambia niliuatamia mpira kama kuku. Harusini kwangu alilisema. Nilipojifungua Rahma alikuja hospitali akalisema.

Nikamwambia, "Leo ungenipa mpira ule, ungeona." Akasema, "Ukipewa leo utautia mfukoni." Nikanuna.

Tukafika zamu ya mwisho ya kupiga. Timu yetu iko nyuma kwa pointi mbili tu (msiniulize vipi, wapinzani nao walikuwa hawajiwezi), wawili wetu wameshatoka, akitoka wa tatu mchezo umekwisha. Mmoja wetu yuko kituo cha tatu, mmoja kituo cha kwanza. Na anayeingia kupiga ni Rahma. Mpira wa kwanza, upepo. Wa pili, upepo. Zuhura akaanza kusoma dua. Kisha kabla ya mpira wa tatu nikamwona mwanangu anashusha bega la kushoto, mwenyewe, hakuambiwa na mtu, na mpira ukaja, na akaupiga.

Mlio wake nausikia mpaka leo. Mpira ulipita chini, kasi, ndani ya mstari juu ya kituo cha tatu, na mimi nilipiga kigelegele kilichowafanya mbwa wa bustani nzima wabweke, sharti la kwanza likafa pale pale. Yule wa kituo cha tatu akaingia nyumbani, pointi. Yule wa kituo cha kwanza anakimbia kama kafukuzwa. Rahma yuko nyuma yake, miguu mirefu, anapita kituo cha kwanza, anakwenda cha pili. Mchezaji wao aliyeufuata mpira akateleza kwenye majani akaanguka kifudifudi, na mpira ukakata mstari, ukabiringika, ukabiringika, ukaja ukagonga chupa ya chai na kusimama mkekani kwangu.

Sasa nisikilizeni. Sikufikiri. Watu wananiuliza ulifikiri nini, nawaambia ningefikiri ningefanya kama fainali. Mpira uko mbele yangu, pembeni mtu ananiambia "Idi" (Zuhura anasema alikuwa ananikataza, mimi nilisikia ananiita), na kule kituo cha tatu kuna mtoto kanyoosha glavu anapiga kelele autaka. Nikauokota, nikasimama na soksi zangu, nikarusha. Enyi watu, nilirusha. Mpira ulikwenda umenyooka, haukupanda wala haukushuka, ukaingia kwenye glavu ya yule mtoto pa, hakusogeza hata mkono, na yeye kwa mazoea akaushusha chini akamgusa mtu aliyekuwa anajirusha kwenye kituo. Nikainua mikono miwili juu. Nikamwambia Zuhura, "Nani kaatamia?"

Zuhura kajifunika uso. Nikatazama tena. Aliyelala chini kwenye vumbi, kaguswa na mpira, ni Rahma.

Yule mwenye glavu alikuwa mpinzani, na mimi nilikuwa nimemsaidia kumtoa mwanangu mwenyewe, kwa pigo lake la kwanza tangu azaliwe. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, lakini nadhani hata wao hawakufikiria taabu ya namna ile.

Kama ningekaa kimya hapo pengine ingekwisha. Refa, kijana mmoja mwembamba mwenye barakoa ya waya, alikuwa ameshapunga mikono kusimamisha mchezo, akaeleza kwa sauti kwamba mtazamaji ameugusa mpira ulio hai, kwa hiyo kutoka kwa Rahma hakuhesabiwi, lakini kila mkimbiaji anarudishwa pale anapoona yeye refa angefika, yule wa mbele aliyekuwa anakaribia nyumbani arudi kituo cha tatu, na Rahma arudi cha pili. Niliposikia warudi, damu ikanipanda. Yule wa mbele alikuwa hatua nne kutoka nyumbani. Aliyeufuata mpira alikuwa bado anatema majani. Mwanangu alikuwa ana haki ya kituo cha tatu, na pengine na nyumbani, na kama kosa ni langu basi niadhibiwe mimi, siyo mtoto. Hivyo ndivyo nilivyowaza, nikavuka mstari mweupe na soksi zangu, nikaenda moja kwa moja mpaka kwa refa, na njiani nikampita kocha nikamwambia "usijali" (sharti la pili hilo), nikasimama.

Nikamwambia yote hayo. Akanijibu kwa adabu, "Bibi, tafadhali toka uwanjani." Nikamwambia sitoki mpaka umrudishe mtoto kituo chake. Akasema sheria ndiyo hiyo. Nikamwambia kwetu hiyo siyo sheria, kwetu mpira ukitoka, anayeupata anaurusha, muulize yule pale mkekani, na kote uwanjani watu wakageuka kumtazama Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa anavaa viatu. Wazazi wameshatoa simu zao. Kocha kanishika mkono kwa upole, nikautoa kwa upole. La kuvunda halina ubani: kila nililosema lilizidi kuharibu, na kila likiharibika nazidi kusema. Mwisho refa akatazama saa yake, akasema nisipotoka ndani ya dakika mbili timu ya mwanangu itahesabiwa imeshindwa pale pale, bila kumaliza.

Nikakunja mikono. Kweli nilikunja. Nilisema ndani ya nafsi yangu, na waihesabu.

Ndipo Rahma akaja kutoka kituo cha pili, anatembea, vumbi mpaka kidevuni. Akasimama mbele yangu, na hapa ndipo pale pahala pamoja nilipokwambieni, kwa sababu alisema Kiswahili, mbele ya wenzake wote, mtoto ambaye hata dukani hunisihi nisimwite kwa nguvu. Akasema, "Mama, toka. Nakuomba."

Nikatoka. Nilipita baina ya viti vya kukunja, hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Nikakaa nyuma kwenye miti, sharti la tatu nikalitimiza wakati halina faida. Mtoto aliyefuata akazungusha rungu mara tatu, upepo mara tatu, mechi ikaisha, tumeshindwa kwa pointi moja.

Kwenye basi la ghorofa Rahma alikwenda kukaa juu, mimi na Zuhura chini, na Zuhura kaupakata mkeka wake. Alipokaribia kushuka akasema tu, "Lakini ulirusha, shoga." Nilitaka kulia.

Nyumbani nilijitayarisha kujitetea. Nilikuwa na hadithi yote: mpira mmoja, gunia la Mjapani, kichaka, shimo la taka. Nikagonga mlango wake, nikakaa kitandani, na kabla sijaanza akanipa simu. Mzazi mmoja kachukua video na tayari imeshazunguka kwenye kundi la timu. Niliitazama. Inaanza mimi nainama mkekani, inaonyesha ninavyorusha, glavu, Rahma vumbini, mikono yangu juu, kisha mimi na refa. Watu wameandika wanavyocheka, na wengine (sitasema uongo, nililiona) wameandika mama huyu ana mkono wa kurusha.

Rahma akasema, "Umeona? Inaanzia kwako. Pigo langu halimo." Akaichukua simu yake. Akasema, "Nimesubiri mwaka mzima, nimepiga mmoja, na hakuna aliyeuona, wote wameona ulivyorusha. Na wewe hukunitazama. Ungeinua macho mara moja ungeona ni mimi ninayekuja."

Hapo hadithi ya Mjapani ikanifia mdomoni. Maana ilikuwa kweli. Niliuona mpira, niliiona glavu, na nilikuwa namwona Zuhura wa miaka ishirini na tano nyuma, lakini mwanangu anayekimbia mbele ya macho yangu sikumwona. Nikamwambia, "Kweli, sikukutazama. Nisamehe, Rahma." Hakusema amenisamehe. Akasogea kidogo kitandani nipate nafasi, tukakaa.

Klabu waliniandikia barua, wakataka niombe radhi kabla sijaruhusiwa tena kukanyaga pale. Nimeomba. Kwa kuingia uwanjani, nimeomba. Kwa kumsumbua refa na saa yake, nimeomba, ijapokuwa wakimbiaji aliwarudisha vibaya na nikikutana naye sokoni nitamwambia. Na nimeapa, mechi ijayo nikikaa karibu na mstari nitaikalia mikono yangu miwili, mpira ukija utanigonga, na utagonga, na utakaa hapo hapo. Lakini ubora wa kurusha kwangu siuombei radhi na mtu asinitake niuombee.

Kisha nikafanya kazi moja. Nilimuuliza kila mzazi wa timu ile, mmoja mmoja, kama yupo aliyeanza kupiga picha mapema, japo sekunde chache kabla. Hapana hata mmoja. Kwa hiyo sasa mtu yeyote akinijia na ile video (na wanakuja, kazini, msikitini, hata kwenye foleni ya nyama) namzuia mkono kabla hajabonyeza. Namwambia ngoja, huo si mwanzo. Mwanzo ni kwamba mwanangu alikuwa keshakosa mara mbili, akashusha bega la kushoto, akaupiga mpira ukapita juu ya kituo cha tatu, ndani ya mstari, na mwenzake akaingia nyumbani. Mimi nilikuwepo, hilo nililiona kwa macho yangu. Haya, sasa bonyeza unicheke.